Kakao ya Ndinda

Juzi maziwa yalifurika jikoni kwangu, yakamwagikia moto pamoja na kakao niliyokuwa nimekwisha kuikoroga. Ile harufu ya kakao iliyoungua ilinifanya nivute kiti nikae, kitambaa cha kupangusia kikiwa bado mkononi. Mjukuu wangu akauliza, "Susu, umeumia?" Nikamwambia ni moshi tu umeniingia machoni. Namshukuru Mungu kwamba watoto huridhika upesi. Haukuwa moshi. Ulikuwa wivu wangu wa zamani, ambao nilidhani nilikwisha kuuzika, umekuja kunisalimu.

Wenzangu wa rika langu mliokulia mtaa wa Jericho mtakumbuka kakao ilikuwa kitu gani. Watoto tulikunywa strungi, chai isiyo na maziwa, na sukari ikipungua nyumbani tuliinywa hivyo hivyo. Chai ya maziwa ilikuwa ya wageni na ya Jumapili. Kakao tuliiona dukani ndani ya mkebe, kwenye rafu ya juu kabisa, mahali ambapo mwenye duka alilazimika kupanda kigoda ili aifikie. Nyumbani kwetu ilinywewa na mtu mmoja tu, jioni baada ya chakula, katika kikombe cha bati cha rangi ya kijani. Mtu huyo alikuwa dada yangu Ndinda.

Ndinda alinizidi miaka saba. Alikuwa kifungua mimba, na kwa kuwa mitaani kwetu mama huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, hata jina la mama yangu lilikuwa lake. Mama Ndinda, njoo uchukue maji. Mama Ndinda, mumeo amefika? Mimi nilimwita Mwaitu, kama watoto wote wa Kikamba wanavyomwita mama, lakini niliposikia mtaa mzima ukimwita Mama Ndinda nilijiona kama mtoto aliyeachwa hapo na jirani. Nakumbuka nilimwuliza siku moja, "Mwaitu, ni lini utaitwa Mama Mwikali?" Akacheka mpaka akaweka chini unga aliokuwa akiuchekecha.

Kisha Ndinda akaugua. Alikuwa sekondari, na kwenye darasa lao hakuna aliyempita. Alianza kukaa macho, akaacha kuoga, na siku moja aliiweka redio ya Baba ndani ya karai la maji akisema mtangazaji alikuwa akisoma barua zake mbele ya watu wote. Baba alikuwa mchonga vinyago, mtu wa maneno machache na vidole vyenye makovu. Aliitoa ile redio majini, akaifuta kwa shati lake, akakaa chini akalia. Sikuwa nimewahi kumwona akilia. Jambo la kwanza nililowaza, na Mungu amekwisha kunisamehe, ni kwamba mimi nilipovunjika mkono hakulia.

Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Susu wetu alituma ujumbe kutoka nyumbani Machakos kwamba kuna mkono wa mtu. Kanisani walisema ni pepo. Majirani walisema masomo yamemzidi. "Kichwa cha msichana ni kama debe," alisema mwanamume mmoja pale bombani, "ukijaza kupita kiasi, kinachofuata ni kumwagika." Watoto wenzangu hawakuhitaji maelezo. "Wee Mwikali! Siste yako fyuzi imeruka!" walinipigia kelele nikipita na mtungi. "Mwambie fundi wa stima aje!" Nilipigana na wawili. Mwaitu alinichapa kwa kurarua gauni, kisha akaingia ndani akamkalisha Ndinda kati ya magoti yake akamsuka nywele, taratibu, asubuhi nzima.

Katika maelezo yote hayo mimi niliyaamini ya majirani. Ikiwa masomo yakizidi mtu hupata ugonjwa huu, na ukiupata husukwa nywele asubuhi nzima, Baba hukuchongea kijiko chako cha mti wa mpingo, wala huamshwi kwenda kuchota maji, basi njia ilikuwa wazi mbele yangu. Nikaanza kusoma. Nilisoma kitabu cha hesabu nikila, nilisoma nikingoja zamu ya maji, nilisoma hata karatasi za magazeti zilizofungia nyama. Kila asubuhi nilijichunguza kama fyuzi imeruka. Muhula ulipokwisha nilikuwa wa pili katika darasa la watoto arobaini na kitu. Nilimpelekea Mwaitu ripoti nikikimbia. Alikuwa akimshawishi Ndinda avae viatu. "Vizuri, mama," alisema bila kugeuka. "Weka hapo juu ya kabati." Kesho yake niliikuta imewekewa chupa ya mafuta ya taa juu yake.

Mwanzoni Ndinda alipelekwa kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili, ile ambayo watu wazima wa mtaani hawakuitaja kwa jina. Walisema tu "kule," wakielekeza kidevu. Alirudi amenenepa, anatembea polepole, na bahasha ya vidonge. Ndipo akina mama wa kikundi cha maombi wakaja. Kiongozi wao alikuwa Mama Eliza, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kutosha kanisa zima, na nataka niseme hapa kwamba alikuwa mtu mwema, aliyetulisha mara nyingi Baba alipokosa wanunuzi. Lakini alifundishwa, na alituambia kwa machozi, kwamba malaria ni ya daktari na kichwa ni cha Bwana, na kuweka tumaini lako pande mbili ni kumtusi Yeye. Waliomba siku tatu. Siku ya tatu Ndinda mwenyewe alivimwaga vidonge vyake chooni huku akina mama wakiimba, na Jumapili iliyofuata Mwaitu alisimama kanisani akatoa ushuhuda kwamba binti yake amefunguliwa. Watu walipiga vigelegele. Ndinda alivikwa leso mpya mabegani. Mimi nilikaa benchi la nyuma, nikihesabu ni mikono mingapi imemshika.

Ni baada ya ushuhuda huo kakao ilipoanza.

Niliona Mwaitu akiitengeneza, kwa sababu nyumba yetu ilikuwa ya vyumba viwili na mtoto mwenye wivu haoni kingine. Alichemsha maziwa kwenye jiko la makaa, akakoroga kakao, akatia sukari vijiko vinne. Kisha akatugeuzia bega, akatoa kikaratasi kifuani, na kwa kisigino cha kijiko akaponda kitu cheupe mpaka kikawa unga laini. Unga huo akaumimina ndani ya kikombe. Nikajua mara moja ni nini. Ilikuwa glukosi. Nilikuwa nimeionja mara moja tu maishani, kwa rafiki yangu aliyetoka kulazwa, na nilikumbuka jinsi ilivyoyeyuka baridi juu ya ulimi. Kwa hiyo si maziwa tu, si kakao tu, si sukari vijiko vinne tu. Na glukosi pia.

"Mpelekee dada yako," Mwaitu aliniambia. "Kaa naye mpaka amalize. Na wewe usiguse, umenisikia? Hata tone."

Alikwenda bombani kuosha vyombo. Nilikibeba kile kikombe kwa mikono miwili mpaka kwenye chumba tulicholala, mvuke ukinipanda puani. Ndinda alikuwa kitandani, ameegemea ukuta. Alionja, akakunja uso.

"Ina ladha ya msumari," alisema.

"Hutaki?"

"Inanikwaruza hapa." Alijigusa koo.

"Nipe mimi basi."

Alinitazama. Ndinda alikuwa na macho makubwa, na hata katika ugonjwa wake ukitazamwa nayo ulijiona umeonekana mpaka ndani. "Chukua," alisema. "Lakini Mwaitu asijue."

Nikainywa yote. Ndani ya ule utamu kulikuwa na uchungu, kweli, lakini nilidhani hivyo ndivyo vitu vya bei vinavyokuwa. Ndinda aliupangusa mdomo wangu kwa pembe ya shuka ili masharubu ya kakao yasinisaliti. Nikalala kabla Mwaitu hajarudi na vyombo.

Ikawa desturi yetu. Mwaitu alipouliza, "Amemaliza?" nilimwonyesha kikombe kitupu na hata sikuhitaji kusema uongo kwa mdomo. Nilijisikia nimepata haki yangu. Kila jioni nilikunywa kile kilichokuwa cha Ndinda, na kwa muda wa yale mafunda machache, nilikuwa mimi ndiye mtoto anayependwa. Sikujali kwamba nilianza kusinzia darasani mpaka mwalimu akaniita Bibi Usingizi, wala kwamba mdomo ulinikauka kama nimelamba chokaa. Kwenye mtihani uliofuata sikuwa wa pili tena. Hakuna aliyeuliza.

Baada ya muda Ndinda alianza kukaa macho tena. Nikiamka alfajiri nilimkuta ameketi vile vile nilivyomwacha, akinitazama. Aliacha kula. Alimwambia Baba amwombe mtangazaji msamaha kwa niaba yake. Mwaitu alikonda, na usoni akawa kama mtu anayesikiliza hatua za mgeni asiyemtaka. Na mimi? Mimi niliamini kwamba Ndinda anajifanya. Nilifikiri ameona nimeanza kufaidi, sasa anazidisha ugonjwa ili apewe zaidi. Na kweli, siku chache baadaye niliona Mwaitu akiponda glukosi mara mbili ya ile ya kawaida. Nilikunywa hiyo pia, siku ya Alhamisi na ya Ijumaa.

Jumamosi alasiri akina mama wa maombi walirudi. Walikuja kimya safari hii. Waliondoa meza, wakatandika mkeka, wakamweka Ndinda katikati, na Mama Eliza akamwambia mama yangu, si kwa ukali, "Mama Ndinda, kitu kilichotoka hakirudi bila mlango. Tutafute ni nani katika nyumba hii aliyeacha mlango wazi." Mwaitu aliinamisha kichwa. Nilikuwa mlangoni na sinia la vikombe, nikiona mikono ile yote juu ya kichwa cha dada yangu, mikono minane, kumi. Nilimwonea wivu hata katika saa hiyo.

Hapo ulimi wangu ukawa mzito. Nilidhani ni kiu. Kisha kitu kikaivuta shingo yangu upande wa kulia, polepole, kama mtu anayefungua skrubu, na macho yakapanda juu yenyewe mpaka nikawa naona dari peke yake. Sinia likaanguka. Nilijaribu kumwita Mwaitu, ulimi ukatoka nje badala ya sauti.

"Yesu! Limehamia kwa mdogo!" Mama Eliza alilia.

Na mikono yote ikaja kwangu.

Nimewafundisha watoto wa shule ya Jumapili miaka mingi, na nimewaambia waseme kweli, basi na mimi niiseme. Katika hofu ile, shingo ikiuma kama inataka kukatika, kulikuwa na sehemu ndogo ya moyo wangu iliyofurahi. Nilihisi viganja kichwani, mabegani, mgongoni. Nilisikia jina langu. Si Ndinda, Mwikali, Mwikali. Nikawaza, hatimaye.

"Mwikali, umekula nini?" Hiyo ilikuwa sauti ya Mwaitu, karibu na sikio langu. "Umekunywa nini? Sema!"

Sikuweza. Aliyejibu ni Ndinda, kutoka kwenye mkeka, kwa sauti tulivu kama anayejibu swali darasani. "Anakunywa kakao yangu, Mwaitu. Kila siku. Mimi humpa."

Maombi yakakatika. Nilisikia pumzi ya Mwaitu ikiingia na kukaa ndani muda mrefu.

"Ondoeni mikono," alisema. "Si pepo. Ni dawa."

"Dawa gani?" Mama Eliza aliuliza. "Si ulishuhudia, dada? Si tulivimwaga pamoja?"

"Nilirudi kule nikachukua vingine. Walinionya kwamba vikizidi hukaza shingo." Akaishika shingo yangu kwa viganja vyake. "Nilisimama mbele ya kanisa nikadanganya, Mama Eliza. Niliogopa mtamwacha mtoto wangu. Na huyu mwingine sikumtazama."

Mwanamke mmoja alianza wimbo, akauacha. Kisha Mama Ayub, jirani yetu wa mlango wa pili, mke wa karani wa reli, akafungua leso kiunoni na kunitupa mgongoni kwake kama mtoto mchanga, mimi niliyekuwa na miaka kumi. "Hayo ya ushuhuda mtayamaliza baadaye," alisema. "Huyu shingo yake iko nyuma. Mama Ndinda, chukua kile kikaratasi, tutoke!"

Kwenye kliniki mwuguzi alinidunga sindano moja, na kabla ya robo saa shingo yangu ilirudi mahali pake, taratibu, kana kwamba mtu ameiachilia. Nilimwona tena Mwaitu. Mwuguzi alikuwa akisoma kile kikaratasi.

"Dawa ni ya nani?"

"Ya dada yake."

"Na huyo dada, amekaa muda gani bila kumeza?"

Mwaitu alihesabu kwa vidole juu ya paja lake, wiki baada ya wiki, vidole vikaisha akaanza upya. Kisha akageuka kunitazama. Nilikuwa nimengoja anitazame hivyo, uso mzima, bila kitu kingine mkononi, tangu redio ilipoingia majini. Nilikuwa nimesoma kwa ajili yake, nimeiba kwa ajili yake. Sasa nilipopewa, sikuweza kuustahimili. Niliangalia sakafu. Hakunichapa. Alinivuta akaniweka kifuani na nikasikia moyo wake ukienda mbio, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba ile haikuwa glukosi, na kwamba Ndinda hakuwa akijifanya.

Jumatatu walimrudisha kule. Alikaa mpaka mvua za masika zikaisha. Mtihani wake wa mwisho ulipita yupo ndani, na hakurudi shuleni tena kamwe. Msichana ambaye hakuna aliyempita darasani alimaliza maisha yake ya kazi akipiga msasa vinyago vya Baba. Watu husema mtoto hana hatia, na kasisi wetu wa sasa ameniambia hivyo mara mbili. Namshukuru. Lakini vidole vya Mwaitu vikihesabu wiki juu ya paja lake nimeviona kwa zaidi ya miaka arobaini.

Jumapili iliyofuata Mwaitu alisimama tena kanisani, akayasema yote. Hakupigiwa vigelegele. Wengine hawakutusalimu kwa muda. Mama Eliza alikuja baada ya mwezi, na mfuko wa unga, na alipoondoka akamwuliza Mwaitu kwa sauti ya chini jina la kliniki, kwa ajili ya mdogo wake wa kiume. Ndinda aliporudi, vidonge viliwekwa mezani, kwenye kisahani, mbele ya kila mtu. Baba ndiye aliyeomba: "Asante Bwana kwa chakula hiki, na kwa dawa hii." Ndivyo tulivyoomba mpaka wazee wakaondoka, na ndivyo ninavyoomba bado, kwa maana Ndinda anaishi nami hapa Njiru. Mikono inamtetemeka sasa. Kijiko chake cha mpingo kimelika ukingoni.

Juzi, baada ya kupangusa jiko, nilitengeneza kakao nyingine, vikombe viwili, nikakaa kando yake. Nikamwambia nililoshindwa kumwambia siku zote hizi. "Ndinda, nilikuonea wivu. Ndiyo sababu niliinywa. Sikuwa na njaa."

Alikoroga kwa muda mrefu. "Najua," alisema. "Na mimi nilikuonea wewe."

"Mimi? Kwa lipi?"

"Ulikuwa unakunywa, unalala. Mimi nakaa pale, nakutazama. Nasema, ona huyu mtoto, anavyolala. Hana hata mmoja anayemsemesha kichwani." Akatabasamu. "Nilikuwa natamani nikubane pua."

Alichukua kidonge kisahanini, akakimeza, akafungua kinywa nimwangalie, kama walivyomfundisha kule alipokuwa msichana, ingawa mimi sijawahi kumtaka afanye hivyo. Ulimi juu, ulimi chini. Kisha akakichukua kikombe changu, akanusa ndani yake kwa uangalifu mkubwa, akanirudishia.

"Haya," alisema. "Na wewe fungua."

Nikafungua.